Mama, Septemba Uje Ule Jikoni Kwangu

Clare, Ayalandi
Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yangu ukiwa umemshika mkono, maana najua siku hizi hasikii vizuri. Mimi ni mzima. Kile kifua cha Desemba kimekwisha, baridi nimeshaizoea, na hayo tuyaache hapo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ile sauti niliyokutumia Jumapili ilirushwa kwenye kundi la ukoo, na kutoka hapo nasikia ilifika mpaka Himo kwa wakwe wa Kaka Eliya. Barua itakufikia wewe. Happy akusomee polepole, kisha muiweke kwenye sanduku lenye vyeti vya marehemu Baba.

Kwanza mambo ya pesa, tuyamalize. Mchango wa harusi ya Neema, shilingi 500,000, nimeutuma kwa simu ya Mama mdogo, na nimemwomba auandikishe kwenye daftari la kamati kwa jina langu na jina lako. Mabati nitalipia mwisho wa mwezi. Yawe ya geji 28. Fundi akikuambia yameadimika na akataka kukuletea ya 30, mrudishe. Na dawa ya presha usiipunguze ili idumu, Mama. Ikibaki ya wiki moja nipigie, hata kama ni usiku.

Sasa neno lenyewe. Nimeambiwa, na aliyeniambia alikuwepo, kwamba kwenye kikao cha harusi Baba mdogo alisimama mbele ya wakwe akasema mimi nauza pombe kwenye baa ya Wazungu. Akasema pesa yangu ni pesa ya walevi. Akasema na wewe usije huku, kwa kuwa mjane wa kaka yake, mama anayeheshimika usharikani, hawezi kwenda kukaa kwenye nyumba ya pombe. Mama, nililia. Niliingia stoo ya viazi wenzangu wasinione, nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi jikoni, kwa maana ilikuwa Ijumaa na vikaratasi vya oda za samaki vilikuwa vimejipanga juu ya jiko.

Sitamjibu kwenye kundi. Yeye ni baba yangu, na siku ya msiba alisimama mahali pa Baba. Lakini inaniuma kwamba katika ukoo wetu hakuna posa inayomalizika bila mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna mpaka unaopatanishwa bila mbege, na hakuna aliyewahi kuona haya kwa hilo, ila mimi ninayemenya viazi na kupika samaki ndiye nimekuwa aibu. Wewe nataka ujue ninapofanya kazi ni wapi, ili mtu akikuuliza sokoni uwe na la kumjibu, na visa ikitoka usisite.

Nyumba ninayopikia iko njia panda. Kanisa liko ng'ambo ya barabara na nyuma kuna uwanja ambao vijana wanacheza hurling, mchezo wao wa magongo. Juu ya mlango limeandikwa jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya nchi hii: pabu, ndiyo baa ya kijijini huku, hubeba jina la mwenye nyumba, na mara nyingi jina la babu aliyefariki zamani linabaki palepale hata nyumba ikiuzwa. Mwenye nyumba wangu ni mama wa rika lako na analala ghorofani. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Rafu za majani ya chai bado zipo, na droo za misumari zina vibao vyake vya shaba. Pabu nyingi za vijijini zilikuwa hivyo: mtu alikuja kununua unga, kamba na mafuta ya taa, akaketi kidogo, akajua nani amefariki na nani amejifungua. Hata leo wapo wenye pabu ambao ndio hao hao wenye gari la kubebea maiti na wanaopanga mazishi ya kijiji, na wanaheshimika kwa kazi zote mbili.

Ungewaona Jumapili baada ya misa. Wanaingia bibi na wajukuu, wazee waliofunga tai, watoto wachanga kwenye viti vyao virefu. Wanakuja kula. Nawapikia nyama ya ng'ombe ya kuoka na mchuzi wake, au nyama ya nguruwe ya chumvi na kabichi na mchuzi mweupe wa kotimiri. Viazi huku vina hadhi ile ile ya ndizi kwetu. Sahani moja inaweza kuwa na vya kuponda na vya kuoka kwa pamoja na hakuna anayeshangaa. Siku za katikati ya wiki kuna mchuzi wao wa kondoo, viazi na kitunguu, chakula cha watu waliokuwa na sufuria moja na moto mmoja, na ukipikwa taratibu ni mtamu kweli.

Sheria nazo ni kali. Mtoto chini ya miaka 15 haingii bila mzazi au mlezi, na mwenye chini ya 18 saa 3 usiku awe ametoka, au saa 4 kuanzia Mei hadi Septemba. Sigara ndani hakuna tangu Machi 2004. Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuipiga marufuku sehemu zote za kazi, kwa hiyo pumu yako isikutie hofu. Anayeendesha gari hanywi. Tangu sheria ilipokazwa mwaka 2018 ukipimwa ukazidisha unanyang'anywa leseni, na wakulima wanaokaa mbali wanakunywa chai au wanaletwa na wake zao.

Na wapo wasioonja kabisa. Mwaka 1898 padre Mjesuiti, James Cullen, alianzisha huko Dublin chama cha Pioneer cha watu wanaoweka nadhiri ya kutokunywa pombe maisha yao yote. Wanavaa pini ndogo yenye Moyo Mtakatifu. Tunaye mzee mmoja mfugaji mwenye pini hiyo, anaketi kaunta ile ile na wenzake, mbele yake birika la chai na maziwa. Anakuja kwa sababu ana upweke tangu mkewe afariki. Huyo naye Baba mdogo angemwita mlevi? Na mimi unanijua, Mama. Ulichonifundisha sijakitupa baharini.

Sasa nikwambie habari yangu, maana kwenye simu huwa tunakatika. Ule ugonjwa wa korona ulipokuja mwaka 2020 pabu zote zilifungwa Machi. Mwishoni mwa Juni serikali iliruhusu zifunguliwe zile tu zinazotoa mlo kamili, wa bei isiyopungua euro 9. Zisizo na jiko zilibaki zimefungwa. Mwenye nyumba wangu alikuwa akiuza mikate ya nyama tu na supu ya mchana, basi akaona hatari, akabomoa stoo ya nyuma na kujenga jiko la kweli. Jiko likahitaji mpishi, na vijana wa kijiji wengine wako Sydney, wengine wako Toronto. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka kwangu baada ya lile jiko la kwanza ambalo sitalizungumzia.

Niliingia kama wa kumenya viazi na kuosha vyombo. Leo mimi ndiye mpishi mkuu. Mama, soma tena, Happy: mpishi mkuu. Ufunguo wa jiko ninao mimi, mkaguzi wa afya akija anaongea na mimi, mvuvi akileta samaki ni mimi ninayefungua matamvua na kusema huyu ndiyo, huyu rudisha. Nina wasichana wawili wa Kiayalandi chini yangu, na wananiita kwa heshima.

Kilichonipandisha ni supu nzito ya samaki wanayoiita chowder. Kila pabu ya pwani hii inayo, na kila moja inajisifu. Nyingi wanaweka unga mwingi mpaka kijiko kinasimama, halafu samaki unamtafuta. Mimi mifupa ya samaki mweupe naichemsha dakika 20 basi, ikizidi hapo inatoa uchungu. Kitunguu, liki na selari navilainisha kwenye siagi bila kuviacha vibadilike rangi. Viazi vipande vidogo. Namimina ile supu ya mifupa, viazi vikiiva naongeza maziwa na krimu, na mwisho kabisa samaki: hadoki aliyekaushwa kwa moshi, salmoni, na kome waliofunguka kwa mvuke. Maziwa yakishaingia haitokoti tena. Ikitokota tu imeharibika. Mtoto wa mwenye nyumba aliporudi kutoka Sydney wakati wa Krismasi alikula bakuli mbili, akamwambia mama yake kwamba hajaonja kitu kama kile tangu bibi yake alipokuwa hai. Mama huyo alikuja jikoni akanikumbatia, na watu hawa si wepesi wa kukumbatia.

Mkate wake wa kahawia naoka mwenyewe kila asubuhi. Hauna hamira. Ni unga wa ngano usiokobolewa, chumvi, magadi ya kuokea na yale maziwa ya mgando mepesi yanayobaki siagi ikishatolewa. Magadi na ule uchachu vikikutana unga unaanza kuumuka papo hapo, kwa hiyo huukandi, unaukusanya kwa mikono miwili, unauchora msalaba juu kwa kisu na kuusukuma ndani ya tanuri haraka. Ukiuchezea unakuwa jiwe. Nikiutoa, harufu inafika barabarani, na huwa nakuwaza wewe, kwa sababu saa hiyo nyumbani ndipo unapokoleza moto.

Desemba ndiyo iliyonishinda. Niliona picha magari yakipanda mlimani, kila mtu karudi kula Krismasi kwao, mbuzi kachinjwa kwa Kaka, na Kibo nyuma yenu imetakata kabisa bila wingu. Nilizima simu nikaenda kupika.

Lakini ngoja nikueleze habari ya muziki, maana hapa ndipo Baba mdogo angekaa kimya kama angekuwepo.

Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa 3 na nusu usiku, wanakuja mmoja mmoja na visanduku vyao. Meza yao iko pembeni karibu na moto, wenyeji wanaijua na hawaikalii. Hakuna jukwaa, hakuna maikrofoni, hakuna kiongozi wa kunyoosha fimbo. Kuna fidla mbili au tatu, filimbi ya bati, filimbi ya mbao, banjo, na konsatina, kinanda kidogo cha kubana kwa mikono miwili, ambayo kaunti hii ya Clare inasifika nayo na ambayo kinamama wa hapa wameipiga kwa vizazi. Kuna ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi, bodhrán, inayopigwa kwa kijiti kifupi. Na akija yule mwalimu mstaafu, kuna zumari la mfuko wanaloliita uilleann. Halipulizwi kwa mdomo. Upepo unasukumwa na kiwiko, na mpigaji anaketi ametulia huku vidole vinakimbia. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hilo kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Mmoja anaanza, wengine wanaingia. Wimbo unarudiwa mara mbili au tatu, halafu bila kusimama wanahamia mwingine, kisha wa tatu, ndipo wanapumua na kunywa. Hakuna karatasi mbele yao. Wamejifunza kwa sikio, kutoka kwa baba, kwa shangazi, kwa jirani, na wakimaliza utasikia wakibishana kwamba ule wa pili kijiji fulani wanaupiga tofauti. Mgeni haruhusiwi kunyakua ngoma na kugonga tu. Anaketi, anasikiliza, akikaribishwa ndipo anaingia. Hapo nilijisikia nyumbani. Adabu ya wazee naijua.

Nilidhani mambo haya yalikuwa ndani ya pabu tangu enzi na enzi. Sivyo. Zamani muziki ulikuwa majumbani, watu wanacheza jikoni kwenye sakafu ya mawe mpaka alfajiri. Mwaka 1935 ikatungwa sheria ya kumbi za dansi, kila dansi ya watu wengi ikatakiwa kibali, na mapadre na polisi wakazifuata zile ngoma za majumbani wakazizima. Wakati huo huo watu walikuwa wanahama. Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa Clare na Galway waliokuwa wakijenga barabara na majumba huko London walikuwa wanaishi kwenye vyumba vya kupanga, mahali pasipo na jiko la kukusanyika. Wakaanza kukutana kwenye pabu na fidla zao. Desturi hiyo ikaota mizizi na huku kwao, na chama cha wanamuziki, Comhaltas, kilichoanzishwa mwaka 1951, kikawapa moyo vijana wajifunze. Mama, ninaposikiliza muziki huu nakumbuka kwamba watu waliokuwa mbali na mama zao ndio waliouweka mezani.

Ndiyo sababu hawanishangai. Kwenye njaa kubwa ya mwaka 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani, watu kama milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Mtu akisafiri kwenda Marekani, usiku wa mwisho nyumba ilijaa. Walicheza, wakaimba, wakamlilia kama maiti, maana walijua hawatamwona tena. Yule mzee wa chai alinieleza haya, kisha akaniuliza kama wewe ungali hai. Nikamwambia yupo, na anakuja.

Kuna desturi nyingine. Mtu akimaliza kuimba peke yake ana haki ya kumtaja atakayefuata, na anayetajwa hakatai. Usiku mmoja wa Novemba walinitaja mimi. Nikawaimbia lile pambio la kwaya yetu, lile mliloimba tukimtoa Baba nyumbani. Mama mmoja mzee alinishika mkono akawa anauzungusha taratibu kadiri ninavyoimba. Ndivyo wanavyomsaidia mwimbaji wa nyimbo zao za kale. Nilifika beti la mwisho bila sauti kukatika. Tangu siku hiyo kila Jumamosi wananiita nitoke jikoni niimbe, na wameshalijua kiitikio, wanaitikia kwa Kiswahili, matamshi yao sitayasema lakini wanaitikia kwa moyo wote.

Sasa Septemba. Nimechagua Septemba kwa sababu wasafiri wa kiangazi wanakuwa wamepungua na mimi napata likizo. Julai singeweza, wiki ile ya mwanzo kijiji cha Miltown Malbay kinajaa wanafunzi wa muziki kutoka dunia nzima kwa shule ya Willie Clancy, mpiga zumari aliyefariki mwaka 1973, na jiko letu halina pumziko.

Nitaanza kukupeleka Doolin, kijiji cha baharini, nyumba zimetapakaa tu kwenye nyasi. Kuna pabu ya O'Connor's iliyofunguliwa mwaka 1832, na za McGann's na McDermott's si mbali kwa miguu. Kijiji hiki kilijulikana kwa sababu ya ndugu watatu wakulima, Micho, Packie na Gussie Russell. Micho, aliyezaliwa mwaka 1915 akafariki 1994, alipiga filimbi ya bati ya bei ndogo, na filimbi hiyo ikamfikisha Ujerumani na Marekani. Tutafika mapema, saa 1 jioni, tupate kiti na tule kwanza. Ukichelewa unasimama ukutani na sahani mkononi. Kome wao ni wazuri sana. Chowder yao utaonja, halafu utanipa hukumu, na mimi siogopi. Mchana wake tutapita majabali ya Moher, yanayosimama mita 214 juu ya bahari. Utakaa mbali na ukingo, na hilo halina mjadala.

Kutoka hapo tutaingia bara kidogo, Kilfenora, kwenye pabu ya Vaughan's, inayosifika kwa dansi zao za jozi nne nne wakikabiliana. Bendi ya dansi ya kijiji hiki ilianza mwaka 1909 na inapiga hadi leo. Mwambie Mchungaji kwamba ukiacha pabu, hapo hapo kijijini unakuta kanisa kuu la kale na misalaba ya mawe ya karne ya 12, na kwamba askofu wa Kilfenora, kwa utaratibu wao wa zamani, ni Papa mwenyewe. Atafurahi kulisimulia.

Siku ya kwenda Galway tutapitia Kilcolgan kwenye nyumba ya Moran's. Imeezekwa kwa nyasi, iko ukingoni kabisa mwa maji, na ukoo ule ule umeishikilia vizazi kadhaa. Wanakuja watu kwa ajili ya chaza, maana chaza wa asili wa pale huliwa kuanzia Septemba mpaka Aprili. Wanawala wabichi wangali hai, kwa limau. Hutawagusa, nakujua. Utakula kaa na salmoni wa moshi na mkate wa kahawia, na utaangalia mto.

Halafu kusini, Kerry. Annascaul kuna pabu inaitwa South Pole Inn. Aliifungua mwaka 1927 mwana wa kijiji hicho, Tom Crean, baharia aliyekwenda mara tatu kwenye barafu ya Ncha ya Kusini na kina Scott na Shackleton, viongozi wa misafara hiyo, akaokoa wenzake, akarudi na nishani. Alipofika kwao akafungua nyumba ya kuuza vinywaji, na inasemwa hakupenda kabisa kusimulia aliyoyapitia. Namwelewa mzee yule.

Na Dingle. Mama, hapa ndipo ninapotamani kufika nawe kuliko kote. Kuna pabu ya Dick Mack's. Ukiingia, mkono mmoja ni kaunta ya vinywaji, mkono wa pili ni kaunta ya fundi viatu: ngozi, mikanda, buti kwenye rafu, harufu ya gundi na nta. Wateja walinywa upande huu wakisubiri soli upande ule. Niliposimama pale mara ya kwanza nilimwona Baba na aproni yake, misumari mdomoni, kwenye kile kibanda cha Marangu Mtoni. Nilinunua mkanda. Ni wa Kaka, lakini atapewa na wewe, kwa mkono wako. Hapo hatutakula, tutakula mtaa wa pili, samaki wa siku hiyo, na usiku tutasikiliza polka za Kerry, ambazo ni za haraka kuliko zetu za Clare.

Nimesema zetu. Ndiyo, ziwe zetu.

Mijini sitakupeleka kusikiliza muziki. Kuna mitaa ya Dublin ambako wanaimba kwenye spika kwa ajili ya watalii tangu mchana, bia ni ghali, na hakuna anayemjua jirani yake. Atakayekuonyesha picha za huko akasema ndiyo pabu za Ayalandi, mwambie mwanao ameziona zingine.

Visa tufanye hivi. Barua ya mwaliko nimeshamtumia Happy, aichapishe kwa rangi. Pasi yako iangalie tarehe. Watataka kujua utarudi, kwa hiyo Kaka aandae hati ya nyumba na barua ya usharika. Kihamba, shamba letu la ukoo, kisitajwe kama mali yako peke yako mpaka lile suala la isale la mpakani lililong'olewa limalizwe. Kaka analijua, na nimemwomba asilipeleke kwa mtendaji kabla ya harusi. Neema hana kosa. Harusi yake ipite kwa amani.

Usibebe nyama ya kukausha wala maziwa wala siagi, wanakamata uwanja wa ndege. Ndizi mbichi hawazuii. Niletee mkungu mdogo uliofungwa vizuri, na iliki. Mwenye nyumba amesikia sana habari za mtori, supu yetu ya ndizi, alitaka kuuandika kwenye ubao wa vyakula tangu mwaka jana. Nimemkatalia. Nimemwambia mtori wa kwanza kwenye nyumba hii ataupika mama yangu, nami nitakuwa wa kumenya. Ameshaanza kuwatangazia wateja kwamba Septemba wajiandae.

Baba mdogo msalimie. Mwambie chumba chako kipo ghorofani, kina dirisha linalotazama kanisa, na mwenye nyumba ameshakinunulia blanketi jipya. Na kama anataka kuja kuona mwenyewe, mwaliko wake nitauandika mimi.

Nakupenda, Mama. Mwombee na yule mzee wa chai, amelazwa wiki hii.

Binti yako,
Anansia

N.B. Happy, nahitaji namba ya kiatu cha Mama kwa ajili ya buti za mvua. Mpime usiku, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene, na unitumie kabla ya Ijumaa kwa sababu duka la Ennis wamepunguza bei mpaka Jumamosi.